Kichomi Kinachotoka Majini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa zaidi na watu wa aina tatu: wenye hoteli na nyumba za wageni za ukanda wa Nungwi, Kiwengwa na Paje, mafundi bomba na wafanyakazi wanaosafisha mabwawa ya kuogelea, na wananchi wa Unguja na Pemba waliosikia kwamba maji ya kukogea yanaweza kumtia mtu kichomi na wakataka kujua ukweli wake. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mambo mengi ndani yake, na mengine ni mafupi kwa sababu hakuna zaidi la kusema.

Ni ugonjwa gani hasa unaozungumzwa?

Ni kichomi, yaani ugonjwa wa mapafu, kinacholetwa na bakteria wa jamii ya lejionela. Bakteria hawa wapo katika mito, mabwawa na ardhi yenye unyevu duniani kote, na wakiwa huko huwa wachache na hawamdhuru mtu. Madhara huanza wanapoingia katika mabomba, matangi na mabeseni yaliyojengwa na binadamu, wakakuta maji ya uvuguvugu yaliyotuama na ute unaotanda ndani ya kuta za mabomba. Ndani ya ute huo huishi pia ameba, viumbe vidogo ambavyo kwa kawaida hula bakteria. Lejionela akimezwa na ameba hasagwi, bali huzaliana ndani yake mpaka ameba apasuke na kuachia kizazi kipya majini. Akiingia katika mapafu hufanya vivyo hivyo: humezwa na seli za kinga zilizowekwa hapo ili zimuue, naye akazigeuza kuwa nyumba ya kuzalia. Tabia hii ya kujificha ndani ya seli ikumbukwe, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya dawa zilizozoeleka hazimfikii.

Jina lake limetoka wapi?

Mwezi Julai 1976, wanajeshi wastaafu wa Marekani wa chama kiitwacho American Legion walikutana katika hoteli moja mjini Philadelphia. Siku chache baada ya kurejea makwao wakaanza kuugua homa kali na kichomi. Washiriki 182 waliugua na 29 kati yao wakafa. Miezi ikapita watu wakidhani ni sumu au ni mafua ya nguruwe, hadi Januari 1977 mtaalamu wa maabara Joseph McDade alipomtambua bakteria ambaye hapo kabla hakuwa na jina. Jina la chama cha wale wastaafu ndilo lililozaa neno lejionela.

Mtu anaambukizwa kwa njia gani? Je, mgonjwa anaweza kumwambukiza mwenzake?

Mtu huambukizwa kwa kuvuta pumzi yenye rasharasha nyembamba za maji yaliyo na bakteria, matone madogo mno ambayo hubaki yakielea hewani na yanaweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Njia ya pili, isiyo ya kawaida sana, ni maji kupenya njia ya hewa pale mtu anapopaliwa, jambo linalowapata zaidi wazee na wagonjwa waliolala kitandani. Maji yanayomezwa na kushuka tumboni kama kawaida hayaleti kichomi hiki.

Kuhusu mtu na mwenzake, katika miaka yote tangu bakteria huyu ajulikane limeripotiwa tukio moja tu, la Ureno mwaka 2014, ambalo wataalamu waliliona kuwa huenda lilikuwa la maambukizi ya mtu kwa mtu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa, kumhofia mwanafamilia anayemuuguza, wala kuogopa kumkosha maiti.

Huu si ugonjwa wa nchi za baridi? Kwa nini sisi wa visiwani tujali?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na dhana iliyomo ndani yake ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Ni kweli kwamba habari nyingi za ugonjwa huu hutoka Ulaya, Marekani na Japani, lakini hutoka huko kwa sababu huko hupimwa. Ukiangalia anachokipenda bakteria mwenyewe utaona kwamba hali ya hewa ya Unguja na Pemba inamfaa. Huzaliana katika maji yenye joto la nyuzi 20 hadi 45 hivi, na hustawi zaidi karibu na nyuzi 35. Chini ya nyuzi 20 hubaki hai lakini haongezeki. Yakifika nyuzi 60 hufa ndani ya dakika chache.

Sasa tuyatazame maji yetu. Kanuni za nchi za baridi husema maji baridi yabaki chini ya nyuzi 20 na maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60, ili bakteria asipate nafasi katikati. Kwetu nusu ya kwanza ya kanuni hiyo haitekelezeki. Maji ya kisima hutoka ardhini yakiwa na joto linalokaribia wastani wa joto la hewa la mwaka, ambalo hapa ni nyuzi 26 au zaidi kidogo. Kisha tunayapandisha katika tangi jeusi la plastiki juu ya paa, na wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, jua linayapasha moto humo tangu asubuhi hadi magharibi. Kila mkaazi wa visiwani anajua kwamba ukifungua mfereji saa nane mchana huhitaji hita. Maji tunayoyaita baridi, kwa lejionela, ni maji ya malezi.

Liko na jambo la chokaa. Ardhi ya Unguja kwa sehemu kubwa ni ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo huwa mazito, yanaacha magamba meupe katika shawa, birika na hita. Magamba hayo huupa ute mahali pa kushika na humkinga bakteria dhidi ya klorini. Kwa kuwa ngao ya ubaridi hatunayo, tunabaki na tatu nyingine: maji yasituame, vyombo visafishwe, na klorini iwepo ya kutosha. Karibu majibu yote yanayofuata yanarejea kwenye hayo matatu.

Kwa nini jakuzi linaogopwa kuliko bwawa la kuogelea?

Kwa sababu jakuzi, yaani beseni la kukogea lenye maji ya moto yanayopulizwa viputo, limekusanya mahali pamoja kila anachokihitaji bakteria huyu, kisha likampa na usafiri wa kumfikisha puani. Maji yake hukaa katika nyuzi 35 hadi 40. Ni machache, na watu wanaoingia ni wengi kwa kiasi chake, hivyo jasho, mafuta na ngozi iliyokufa huyachafua upesi. Mabomba yaliyofichwa chini yake hubaki na maji hata linapozimwa. Joto na viputo huifukuza klorini kwa kasi kubwa, na viputo hivyo hivyo vinapopasuka juu ya maji hurusha rasharasha mahali ambapo uso wa mkogaji upo.

Tukio la Uholanzi la mwaka 1999 linafaa kusimuliwa kwa kila mwenye hoteli. Katika mji wa Bovenkarspel palikuwa na maonyesho ya maua, na ndani ya banda mlikuwa na majakuzi yaliyowekwa kwa ajili ya kutangazwa tu. Zaidi ya watu 180 waliugua, na baadhi yao wakafa. Wengi wa wagonjwa hao hawakuingia majini hata kidogo. Walipita karibu wakitazama maua. Mtu akikuambia kwamba jakuzi lake ni la mapambo na wageni hawalitumii sana, mkumbushe habari hii.

Japani, nchi ambayo watu wake hupenda sana mabafu ya pamoja ya chemchemi za moto, imeyapata makubwa zaidi. Mwaka 2002, katika mji wa Hyuga, bafu jipya la umma lilihusishwa na wagonjwa 295, saba kati yao wakafariki. Na mwaka 2023 ilibainika kwamba nyumba moja ya wageni yenye chemchemi ya moto katika mkoa wa Fukuoka ilikuwa ikibadilisha maji yote ya bafu mara mbili tu kwa mwaka, ilhali kanuni ilitaka yabadilishwe kila wiki, na lejionela walikutwa kwa kiwango cha hadi mara 3,700 ya kinachoruhusiwa. Katika nchi yenye kanuni na wakaguzi, uzembe wa kubadilisha maji ulidumu bila kuonekana kwa macho, kwa sababu maji yenye lejionela hayanuki na hayageuki rangi.

Bwawa la kuogelea la kawaida, lenye klorini na lisilopashwa moto, lina hatari ndogo zaidi. Hata hivyo, maporomoko ya mapambo, chemchemi za kurusha maji na shawa za kujisuuzia pembeni mwa bwawa zikaguliwe kama sehemu zinazorusha rasharasha, si kama pambo tu.

Jakuzi la wageni litunzwe vipi?

Klorini huru iwe kati ya miligramu 3 na 10 kwa lita, na kipimo cha uchachu wa maji (pH) kiwe kati ya 7.0 na 7.8, kwa sababu kikizidi hapo klorini hupoteza nguvu hata ikiwa nyingi. Vipimo vichukuliwe kabla ya mgeni wa kwanza kuingia na kurudiwa mara kadhaa katika siku, kisha viandikwe katika daftari. Kipimo kisichoandikwa hakimsaidii fundi wa zamu inayofuata. Joto lisizidi nyuzi 40. Chujio lisafishwe kila siku kwa majakuzi yenye wateja wengi, na maji yote yamwagwe na kuta zisuguliwe angalau mara moja kwa wiki, pamoja na mabomba ya chini na tangi la akiba ambalo wengi hulisahau.

Lipo jambo la kwetu hasa. Sehemu nyingi zinazowahudumia wageni huwasugua kwa singo au liwa na kuwapaka mafuta, halafu mgeni akapelekwa moja kwa moja kwenye jakuzi. Mafuta na unga wa singo huimaliza klorini katika muda mfupi kuliko tunavyodhani. Mgeni aliyesingwa akoge kwanza kwa sabuni, na aelezwe sababu kwa adabu. Hakuna mgeni atakayekasirika akijua kwamba analindwa.

Hamamu za kale za Hamamni na Kidichi zina hatari kwa wanaozitembelea?

Hapana. Hamamu ya Hamamni katika Mji Mkongwe, iliyojengwa enzi za Sayyid Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ile ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850 enzi za Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, zote hazitumiki tena na hazina maji yanayozunguka ndani yake. Pasipo maji na rasharasha hapana lejionela. Inafaa kusema kwamba hamamu za kale zilipokuwa zikifanya kazi, maji yalipashwa kwa moto wa kuni na kumwagwa baada ya kutumika. Kuyazungusha maji yale yale kwa pampu siku baada ya siku ni desturi ya zama hizi.

Kutawadha kwa maji ya tangi la msikiti kunaweza kuleta ugonjwa huu?

Hatari ni ndogo, na hakuna anayepaswa kuacha au kubadilisha udhu wake kwa sababu ya hofu hii. Mfereji wa kutawadhia hutoa maji kwa matone makubwa yanayoanguka chini, si kwa rasharasha zinazoelea, na maji yanayopandishwa puani wakati wa udhu huishia puani na kutoka. Mwenye kujali zaidi ni mzee anayepaliwa kwa urahisi au mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka; huyo apandishe maji kwa upole bila kuyavuta kwa nguvu.

Kinachohitaji kuangaliwa ni tangi lenyewe. Tumewahi kufunua matangi ya misikiti ambayo mfuniko wake ulipeperushwa na upepo wa kusi na hakuna aliyeurudisha, ndani mna majani, matope na majongoo. Kamati ya msikiti ambayo huchanga kwa ajili ya mazulia na feni haitashindwa kulisugua tangi mara mbili kwa mwaka, na wakati mzuri mmojawapo ni wiki za mwisho za Shaabani, kabla ya waumini kuongezeka katika Ramadhani.

Anayekoga kwa ndoo na kata yuko salama?

Yuko salama zaidi kuliko anayekoga kwa shawa, kwa sababu maji yanayomwagwa kwa kata hayarushi rasharasha nyingi na maji ya ndoo huwa yamechotwa siku ile ile. Vivyo hivyo mzazi anayekandwa na kukogeshwa maji ya moto katika arubaini yake hana la kuogopa kwa upande huu ikiwa maji yamechemshwa kisha yakapozwa, kwa sababu kuchemsha humuua bakteria huyu. Kujifukiza kwa sufuria iliyochemka nako hakuleti lejionela. Hatari iliyopo hapo ni ya kuungua, hasa kwa watoto.

Na kuogelea baharini, au katika mapango yenye maji?

Bahari ya chumvi si mahali anapostawi bakteria huyu, kwa hiyo vijana wanaopiga mbizi Forodhani jioni hawamkuti huko. Mapango ya upande wa Paje na Jambiani yana maji ya ardhini ambamo bakteria wachache wanaweza kuwemo kama walivyo popote, lakini hapana pampu wala viputo vya kuwarusha hewani.

Kiyoyozi cha chumbani kinaambukiza?

Viyoyozi vya ukutani vinavyotumika katika nyumba na ofisi nyingi za hapa havipozi hewa kwa kunyunyiza maji, kwa hiyo si chanzo cha ugonjwa huu. Vinavyojulikana kuusambaza ni minara ya kupozea ya majengo makubwa, ambayo hurusha mvuke na rasharasha nje. Mnara mmoja katika mji wa Murcia, Hispania, ulisababisha wagonjwa zaidi ya 400 waliothibitishwa mwaka 2001. Zile feni za mikahawani zinazopuliza ukungu wa maji juu ya wateja ni jambo jingine: zinahitaji tangi safi linalomwagwa kila siku, na kama hakuna wa kulifanya hilo ni bora feni ipulize hewa peke yake.

Nani yuko katika hatari zaidi?

Wengi wanaovuta rasharasha zenye bakteria hawa hawaugui. Wanaougua zaidi ni wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wavutaji wa sigara wa sasa na wa zamani, wenye kisukari, wenye maradhi sugu ya mapafu, figo au ini, na wale ambao kinga yao imeshuka kwa sababu ya ugonjwa au dawa. Watoto huugua mara chache.

Hospitalini hatari huongezeka kwa sababu wote hao wamekusanywa pamoja. Chupa inayolowesha oksijeni na mashine ya kuvutia dawa ya pumu zijazwe na kusuuzwa kwa maji yaliyotakaswa kabisa na si ya mfereji, na anayemvutisha mgonjwa dawa kwa mashine hiyo nyumbani achemshe maji ya kuisuuzia.

Dalili zake ni zipi, na nitautofautishaje na malaria au kifua kikuu?

Dalili huanza siku 2 hadi 10 baada ya kuvuta maji hayo, na mara chache baada ya wiki mbili au zaidi kidogo. Kwanza mtu huumwa kichwa, maungo yakamwuma, akakosa hamu ya kula. Kisha homa hupanda sana, mara nyingi kupita nyuzi 39, pamoja na kikohozi ambacho mwanzo huwa kikavu, na pumzi zikaanza kuwa fupi. Dalili mbili humtia daktari makini shaka: kuharisha, na kuchanganyikiwa akili. Mzee mwenye homa, kikohozi na kuharisha ambaye ghafla hawatambui wanawe anapaswa kupelekwa hospitali saa ile ile, iwe ni usiku au mchana.

Kwa macho tu hakuna awezaye kuutenganisha ugonjwa huu na vichomi vingine. Malaria hupimwa kwa damu na majibu hupatikana upesi. Yakitoka kwamba hakuna malaria na homa bado ipo, isichukuliwe kwamba mgonjwa hana kitu. Kifua kikuu huenda polepole, na kikohozi chake hudumu wiki mbili na kuzidi pamoja na kukonda na jasho la usiku, ilhali kichomi cha lejionela humwangusha mtu katika siku chache.

Nikienda hospitali niseme nini? Na dawa zake ni zipi?

Sema ulikuwa wapi. Daktari hawezi kuukisia ugonjwa huu kwa kusikiliza kifua peke yake, lakini sentensi moja inaweza kumfungua macho: kwamba siku tano zilizopita uliingia katika jakuzi, au kwamba kazi yako ni kusafisha mabwawa, au kwamba umefungua vyumba vya hoteli vilivyofungwa miezi miwili. Wafanyakazi wa hoteli hulisahau hili kwa sababu wao hawakukoga, walisugua tu. Aliyeinama juu ya jakuzi tupu akilisugua kwa mpira wa maji yenye kasi amevuta rasharasha nyingi kuliko mgeni.

Vipo vipimo vya mkojo vinavyotoa majibu kwa dakika chache, lakini hutambua aina moja tu iliyo kubwa ya lejionela, kwa hiyo jibu la kutokuwepo halimalizi shaka. Kipimo cha makohozi hutambua aina nyingi zaidi, ama kwa kuotesha bakteria katika chakula maalumu cha maabara, ama kwa kutafuta chembe zake za urithi. Maabara iambiwe mapema kwamba lejionela ndiye anayetafutwa, kwa maana katika uoteshaji wa kawaida haoti. Mgonjwa aliye mahututi hasubirishwi majibu ndipo aanze dawa.

Hapa ndipo ile tabia ya kujificha ndani ya seli inapokuwa na maana. Amoksisilini, ambayo watu wengi huinunua dukani wakisikia kifua kinabana, haimponyi mgonjwa wa lejionela, na sindano ya seftriaksoni peke yake pia haimponyi, kwa kuwa dawa za ukoo huo hazifanyi kazi ndani ya seli alimojificha bakteria. Zinazofanya kazi ni azithromaisini na levofloksasini. Hatulisemi hili ili mtu akajinunulie. Levofloksasini hukiathiri kifua kikuu pia, na akiinywa mtu mwenye kifua kikuu asichokijua, inaweza kumpa nafuu ya siku chache na kuchelewesha utambuzi wa ugonjwa wake. Tunalisema ili mgonjwa aliyemaliza siku mbili au tatu za amoksisilini bila nafuu arudi kwa daktari badala ya kununua nyingine. Katika wagonjwa wa lejionela wastani wa mmoja kati ya kumi hufariki, na kuchelewa kupata dawa iliyo sahihi ni miongoni mwa sababu.

Kuna waliopata homa siku moja tu baada ya kukoga kwenye jakuzi, wakapona wenyewe. Hilo nalo ni nini?

Huenda ni homa ya Pontiac, iliyopewa jina la mji wa Marekani ambako iliwaangusha wafanyakazi wa jengo moja mwaka 1968. Huletwa na lejionela huyo huyo lakini haifiki kuwa kichomi: mtu hupata homa na maumivu ya maungo ndani ya siku moja hadi tatu, akapona ndani ya wiki bila dawa. Wageni kadhaa wakiipata kwa pamoja, lifungeni jakuzi siku hiyo hiyo. Vipele vyekundu vinavyowasha mwilini baada ya jakuzi ni ugonjwa mwingine wa ngozi, wa bakteria aitwaye sudomonasi, lakini navyo vinatoa ushahidi kwamba klorini haikutosha.

Hoteli yetu hufungwa wakati wa masika. Tufanye nini kabla ya kufungua?

Tunaomba jibu hili lisomwe na mwenye hoteli na fundi wake wakiwa pamoja. Hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza vyumba kati ya Aprili na Mei, wageni wanapokuwa wachache, kisha hufungua Juni. Wiki zote hizo maji hulala katika mabomba, klorini yake ikaisha, ute ukakua bila kusumbuliwa. Mfanyakazi wa kwanza anayefungua shawa ya chumba hicho ndiye anayepuliziwa usoni. Hali kama hiyo ilitokea duniani kote mwaka 2020 majengo yalipofungwa kwa sababu ya korona, na mamlaka za afya zikatoa tahadhari hii hii.

Anzeni na tangi. Limwageni, lisuguliwe, lijazwe maji mapya na kutiwa klorini ya miligramu 50 kwa kila lita. Kwa tangi la lita 1,000 hiyo ni sawa na lita moja ya klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 5, isiyo na manukato. Kisha fungueni mfereji mmoja baada ya mwingine, kuanzia ulio karibu na tangi hadi wa mwisho, mpaka harufu ya klorini isikike katika kila mmoja. Fungeni, acheni usiku kucha, na kesho yake endesheni maji mengi hadi harufu iondoke. Katika muda wote huo maji hayo yasinywewe wala kukogewa, na kila chumba kiwekewe tangazo.

Fundi anayefungua shawa avitoe kwanza vichwa vyake, au avifunike kwa mfuko wa plastiki uliokatwa pembe ili maji yateremke bila kuruka. Madirisha yawe wazi, na avae barakoa nzito inayokaza usoni, si kitambaa. Vichwa vyenye magamba virowekwe katika siki au maji ya ndimu mpaka chokaa ilainike. Siki na klorini zisichanganywe kamwe, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayoweza kumuua mtu ndani ya bafu dogo. Kichwa kisuuzwe vizuri kwa maji matupu baina ya siki na klorini. Hita zirudishwe kwenye nyuzi 60. Tunajua kwamba wengi huzishusha hadi 40 ili kupunguza gharama za umeme, lakini 40 ni joto la kumlea bakteria. Ziwekeni mifereji ya kuchanganyia ili mgeni asiungue.

Baada ya kufungua, chumba chochote kisicho na mgeni kifunguliwe mifereji yake yote kwa dakika kadhaa angalau mara moja kwa wiki. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja kwa asubuhi moja. Bomba lililokatwa na kuzibwa baada ya ukarabati, likabaki na maji yasiyokwenda popote, liondolewe kabisa.

Nyumbani kwangu nina tangi moja na shawa moja. Nifanye hayo yote?

Hapana haja. Lifunike tangi vizuri, lipake rangi nyeupe au ulijengee kivuli, ulisugue mara mbili kwa mwaka kwa kipimo cha klorini kilichotajwa juu, na ukirudi kutoka safari ya wiki mbili Pemba au Dar es Salaam uyaache maji yaende kwa dakika kadhaa ukiwa nje ya bafu kabla ya kukoga.

Mgeni ameugua baada ya kurudi kwao Ulaya. Hoteli itajuaje?

Kwa kuwa ugonjwa huchukua siku 2 hadi 10 kujitokeza, na mapumziko ya wageni wengi ni ya wiki moja au mbili, mara nyingi mgeni huugulia kwao. Nchi za Ulaya zina mtandao wa pamoja, unaoratibiwa na kituo cha Ulaya cha kudhibiti magonjwa kilichopo Stockholm, ambao hukusanya taarifa za kila msafiri aliyeugua lejionela pamoja na mahali alipolala. Wagonjwa wawili au zaidi waliolala mahali pamoja ndani ya miaka miwili huhesabiwa kuwa kundi, na taarifa hupelekwa nchi inayohusika. Hoteli ikipokea taarifa hiyo isiifiche wala kuanza kubishana. Ifunge majakuzi na shawa zinazotiliwa shaka, iwaite maofisa wa afya wachukue sampuli kabla ya kutia klorini, na iwatafute wafanyakazi wake waliougua kifua katika miezi hiyo, ambao huenda walitibiwa kichomi bila mtu kuuliza wanafanya kazi wapi.

Mgonjwa hupona kwa muda gani?

Dawa hutumika kwa muda wa kuanzia wiki moja hadi mbili, na kwa aliyeshuka kinga zaidi ya hapo. Homa huanza kushuka ndani ya siku chache, lakini uchovu, usahaulifu na kukosa pumzi anapopanda ngazi vinaweza kumwandama mtu kwa miezi. Mwajiri asimrudishe kazini kubeba mizigo kwa kuwa tu kikohozi kimekoma, na aliyekuwa akisafisha jakuzi apewe kazi nyingine mpaka maji yale yapimwe.